Siku moja na kamera ya rangi: muuguzi wa thieta (chumba cha upasuaji), Kampala

Saa 11 alfajiri nagombania kiti kwenye taksi ya kutoka Bombo. Foleni Kawempe, foleni Wandegeya. Saa 1 na nusu nimeshavaa nguo za thieta, vyombo nimevihesabu, kamera ya kufuatilia rangi mwilini nimeijaribu.

Saa 3 siku ikakwama. Mama mwenye uvimbe titini yuko tayari kwenye machela, ila mumewe, askari mstaafu, kasimama mlangoni na hamruhusu apite. Kiganda hataki, Kiingereza hataki. Nikaitwa mimi mwenye Kiswahili.

"Sista, nasikia mnamchoma mionzi ili muone kansa."

"Hapana, mzee. Ni rangi."

Nikamwonyesha kichupa: unga wa kijani, miligramu 25. Unachanganywa na maji ya sindano, unadungwa karibu na chuchu, unafuata njia za limfu, yale majimaji ya mwili, mpaka kwenye tezi za kwapani. Kamera inamulika kwa mwanga ambao jicho halioni, rangi inang'aa kwenye skrini, na daktari anaziona tezi, moja au zaidi, zinazopokea limfu ya titi kwanza. Hizo ndizo zinazotolewa. Zikiwa safi, nyingine mara nyingi zinaachwa, na mama anapunguziwa hatari ya kuvimba mkono baadaye.

"Kwa hiyo rangi inakamata kansa?"

Haikamati, na hapo ndipo karibu kila mtu anapokosea, hata wasomi. Tezi safi inang'aa, yenye kansa nayo inang'aa. Mwenye kusema ni maabara.

Akanirudisha mwanzo. Kisha akampigia kaka yake Arua, akaweka spika, nikaeleza upya huku daktari ananitolea macho. Nilikereka, lakini namtaka zaidi mume wa namna hii kuliko anayesaini bila kuuliza.

"Haya. Ila akikojoa kijani, nakutafuta."

"Hatakojoa kijani, afande. Inatoka mwilini kupitia nyongo."

Ndani nikaziba dirisha kwa shuka, maana jua nalo lina mwanga uleule na linaivuruga kamera. Taa kubwa zikazimwa. Kazi yangu ni kupokezana vyombo kwenye giza, mkasi ninaujua kwa kidole. Tone moja la rangi likadondokea glavu ya mwanafunzi, akashika shuka, akashika koleo. Skrini nzima ikawaka kama taa za harusi. Glavu zikabadilishwa, shuka zikabadilishwa, koleo jingine. Kiuno changu kilikuwa kinalia. Hatimaye mstari mwembamba ukaonekana chini ya ngozi, ukielekea kwapani, na mwisho wake nukta iliyong'aa. Daktari akakata hapo hapo tu, kidogo. Hapo huwa najisikia mkubwa.

Mgonjwa wa pili, wa tatu, umeme ukakatika, jenereta ikachelewa. Saa sikuziangalia tena.

Nilipotoka mzee alikuwa bado kwenye benchi.

"Mliiona?"

"Tumetoa mbili, mzee. Kansa ipo au haipo, tusubiri maabara."

"Na hao wanatumia rangi gani?"

"Zambarau na waridi," nikamjibu, naye akasogea kunipisha nikae.