Njia Mbili za Skrini ya Hz 120

Kadi ya picha ya zamani ilikufa jioni moja katikati ya mchezo. Feni zilivuma kwa nguvu zote, skrini ikawa nyeusi, na haikuwaka tena. Iliyochukua nafasi yake ilikuwa GeForce RTX 3060. Nilipoigeuza kutazama mgongo wake nikakuta matundu manne: matatu ya DisplayPort na moja la HDMI. DVI, tundu la picha la kizazi cha zamani, haikuwepo. Na skrini yangu, Samsung 2233RZ ya inchi 22, ina tundu moja tu la kuingizia picha, nalo ni DVI.

Kuitupa skrini ile sikukuwaza. Ilitoka mwaka 2009, wakati wa miwani ya 3D Vision ya NVIDIA, watengenezaji wa chipu za GeForce, nayo ni miongoni mwa skrini bapa za kwanza za kompyuta kupokea Hz 120 za kweli: picha mpya kila baada ya milisekunde 8.3, badala ya 16.7 za skrini ya kawaida ya Hz 60. Pikseli zake ni 1680 kwa 1050, chache kwa vipimo vya leo, lakini jicho likishazoea ulaini ule wa mwendo, kurudi Hz 60 ni kama kutoka lami kuingia barabara ya vumbi.

Nilikuwa na adapta ndogo ya HDMI kwenda DVI. Upande mmoja ina kichwa cha HDMI, upande wa pili tundu la DVI lenye nafasi zote 24. Nikaichomeka, nikafunga skrubu za kebo, nikawasha. Picha ikaja safi, rangi sawa, hakuna hata alama ya tatizo. Mdogo wangu akakaa, akashika kipanya, akazungusha kamera ya mchezo mara mbili.

"Kaka, mbona inakokota?"

"Inakokota vipi?"

"Angalia kishale. Kinarukaruka."

Alikuwa sahihi. Nilifungua mipangilio ya onyesho ya Windows, sehemu ya mipangilio ya kina, na kwenye orodha ya kasi kulikuwa na 59 na 60 tu. Hapo watu wengi huanza kufuta draiva, yaani programu zinazoendesha kadi, na kuzipakia upya, na mimi nilipoteza saa nzima kwa kazi hiyo. Kisha nikajaribu kuiundia kasi yangu mwenyewe ya 120 kwenye paneli ya NVIDIA. Draiva ikakataa. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuanza nayo.

Skrini haipokei pikseli zinazoonekana peke yake. Kila mstari una mwanya pembeni na kila picha ina mwanya chini yake. Kwa vipimo vilivyobanwa vya skrini hii, mstari mzima ni pikseli 1840 na picha nzima ni mistari 1112. Zidisha 1840 kwa 1112, kisha kwa 120, unapata karibu pikseli milioni 245.5 kwa sekunde, yaani MHz 245.5. DVI ya njia moja, yaani yenye jozi tatu tu za nyaya za data, inaishia MHz 165. Kwa Hz 60 skrini hii inahitaji takriban MHz 119, ndiyo maana picha ilikuja bila shida yoyote. Hata ukibana kila mwanya, njia moja itakufikisha kwenye Hz 80 hivi, basi. Hz 120 zinahitaji DVI ya njia mbili, ambayo hugawa pikseli nusu kwa nusu, na kila njia ikabeba MHz 122.75.

Skrini yenyewe ilikuwa imeshajitambulisha. Kila skrini ina chipu ndogo yenye maelezo yake, EDID, ambayo kadi huisoma mara tu kebo inapoingia. Yangu ilikuwa inasema wazi kwamba inaweza 120. Draiva ikasoma, ikaona waya ulioko mbele yake ni wa njia moja, ikaifuta 120 kwenye orodha kabla sijaiona. Hakuna kilichoharibika, si kadi wala skrini.

Nikaitazama ile adapta kwa tochi. Pini za DVI hupangwa safu tatu, nane kila safu. Njia ya pili huishi katikati: pini 4 na 5 safu ya juu, 12 na 13 ya kati, 20 na 21 ya chini. Jozi tatu za data. Kebo ya njia moja ukiitazama kichwani ina pengo hapo katikati, unaliona kwa macho bila kupima. Lakini adapta yangu ilikuwa na matundu yote, na pakiti yake ilidai njia mbili. Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye mlio, yaani ilie ncha zake zikiunganishwa na waya, ncha moja ndani ya tundu namba 4 kwa kutumia pini ya kushonea, ncha nyingine nikaipitisha polepole kwenye kila mguu wa HDMI. Kimya. Namba 5, kimya. 12, 13, 20, 21, kimya. Namba 1 ikalia papo hapo. Yale matundu sita ya katikati yalikuwa mapambo; nyuma yake hakuna waya. Wala usingeweza kuwepo, kwa sababu HDMI ya kawaida ina miguu 19 na jozi tatu tu za data, na DVI ya njia mbili inataka sita. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko saa niliyopoteza. Aliyeandika maneno yale kwenye pakiti alikuwa anauza kitu ambacho umbo la HDMI lenyewe halikiruhusu.

Nikahamia DisplayPort, na hapa pana mtego wa pili. Kebo nyembamba ya DisplayPort kwenda DVI ni bubu: kadi ndiyo inayobadili lugha na kutoa ishara za DVI kupitia tundu la DisplayPort, nayo hutoa njia moja tu. Nilijaribu ya kuazima, ikaleta 60 ileile. Kuna pia adapta zenye chipu ya kutafsiri ambazo bado ni za njia moja, kwa hiyo neno "aktivu" peke yake halitoshi. Inayotakiwa ni aktivu ya njia mbili. Ni kisanduku kinene kidogo, na karibu zote zina mkia wa USB kwa ajili ya umeme, kwa sababu chipu ya kutafsiri kuja njia mbili ina kiu kuliko kile ambacho pini ya umeme ya DisplayPort inaahidi.

Ilipofika nilichomeka mkia wa USB tundu la mbele la kasha, kisha DisplayPort, kisha DVI. Orodha ikafunguka: 60, 100, 120. Windows haikuhamia 120 yenyewe. Ilibidi niichague kwa mkono, nikathibitisha, kisha nikaingia ndani ya mchezo kuichagua tena, maana mchezo ulikuwa umeshika 60 ya jana.

Dakika kumi hivi baadaye skrini ikazima sekunde mbili ikarudi. Ikarudia. Na kwenye sehemu nyeusi za picha kulikuwa na vidoa vyeupe vinavyometameta kama chembe za chumvi. Dalili mbili, nami nikaamua kugusa kitu kimoja kwa wakati. Kwanza nikauhamisha mkia wa USB kutoka tundu la mbele, ambalo hupitia waya mrefu mwembamba ndani ya kasha, nikaupeleka nyuma moja kwa moja kwenye ubao mama. Kuzimika kukaisha. Chumvi ikabaki. Kisha nikabadili kebo ya DVI: ile ya mita tatu, nyembamba, nikaweka ya mita mbili, nene, yenye pini 24 nilizozihesabu moja moja. Chumvi ikapotea. Kwa MHz 122.75 kila jozi hubeba takriban gigabiti 1.2 kwa sekunde, karibu sawa na kwa Hz 60, lakini sasa jozi tatu za njia ya pili nazo zinafanya kazi, na kebo iliyovumilia 60 si lazima izivumilie hizo.

Asubuhi kulikuwa na moja zaidi. Kompyuta iliamka kutoka usingizini, skrini ikabaki nyeusi. Kuzima na kuwasha skrini hakukusaidia, kwa sababu aliyeganda alikuwa adapta, naye alikuwa bado anakula umeme kutoka USB. Nilichomoa vyote viwili, mkia na DisplayPort, nikasubiri sekunde kumi, nikarudisha USB kwanza, DisplayPort baadaye. Ukirudisha DisplayPort kwanza, kadi huuliza EDID kabla adapta haijaamka. Tangu hapo nimeacha skrini izime baada ya muda lakini kompyuta hailali.

Mdogo wangu hakuridhika na namba ya kwenye mipangilio, akataka kuona. Tukaweka simu kwenye video ya picha 240 kwa sekunde, nikasogeza kishale upesi kutoka kushoto kwenda kulia, kisha tukaipitia video hatua kwa hatua. Kwa Hz 60 kishale kilisimama mahali pamoja picha nne kabla ya kuruka. Nikabadili kwenda 120, tukarekodi tena, naye akahesabu kwa sauti, kidole kwenye kioo cha simu: "Moja, mbili, kimehama. Moja, mbili, kimehama."