Siku moja nyuma ya kaunta ya kemisti, Mwembe Tayari

Saa 11 alfajiri. Adhana ya msikiti wa jirani ndo saa yangu, alamu ya simu huwa inalia nishaamka. Nakaa Likoni lakini kazi iko ng'ambo, kemisti moja pale Mwembe Tayari, mjini Mombasa. Nimesomea famasia, natoa dawa na kujibu maswali, na siku hizi maswali mengi si ya dawa ni ya saplimenti. Dada nipe kitu cha damu, daktari nipe kitu cha nguvu, kitu cha nywele, cha ngozi, cha kinga, cha mtoto apate kula. Na wakishauliza hayo huniuliza na mimi, "wewe mwenyewe wameza gani?" Bas leo nawaandikia siku nzima ilivyo, mujionee.

Nikishaswali nakunywa maji bilauri moja kubwa, halafu mahamri mawili, mbaazi za nazi nilizochemsha jana usiku, na yai. Mbaazi watu huzidharau kwa sababu ni rahisi lakini ndani yake mna protini, mna nyuzinyuzi za kusafisha tumbo, mna foleti, ile ile ambayo mtu anakuja kuinunua kwenye kichupa ikiitwa foliki asidi. Chai siinywi hapo. Naibeba kwa flaski nikainywe baadaye kazini, na sababu yake ntaisema mbele.

Saa 12 na nusu, feri. Anayevuka kwa miguu halipi, kwa hivo umati ni ule munaoujua, na pale kwenye foleni kuna jamaa anauza unga wake kwa kipaza sauti, unatibu sukari, presha, mgongo, nguvu za kiume, vyote kijiko kimoja asubuhi na jioni. Huwa naumia roho wallahi, manake naona baba wazima wakitoa pesa. Mitishamba nyingine ina faida zake sikatai, lakini hizi za nguvu za kiume mara nyingi nchi mbalimbali zimepimwa maabara zikakutwa zimechanganywa sildenafil (ile dawa ya Viagra) kimya kimya bila kuandikwa popote, na mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganya na hiyo presha yaweza kushuka ghafla akafa. Kitu hakina lebo, hakina jina la kiwanda, hakina tarehe ya kuisha, hakijasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, usikitie mdomoni.

Saa 2 tunafungua. Napanga rafu, naangalia tarehe, nasogeza vidonge vya mafuta ya samaki mbali na dirisha manake joto la Mombasa huvifanya vishikane. Nyumbani pia, wacheni kuweka dawa juu ya friji au bafuni, tafuteni kabati lisilo na joto wala unyevu. Chai yangu nainywa saa hii.

Saa 3 na nusu anaingia dada mmoja mjamzito, tumbo la kama miezi sita, uso umepauka, anashika kaunta kwanza kabla ya kusema. Anataka syrup ya damu ile ya bei. Namuuliza, "Mamangu, kliniki hawakukupa vidonge?" Akafungua mkoba akanitolea, vile vidonge vya chuma na foliki asidi pamoja, miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki, ambavyo kliniki za serikali hutoa bure kwa wajawazito. Pakiti karibu imejaa. "Nikivimeza natapika dada, kwa hivo navimeza na chai ya maziwa, siku nyingine naviacha."

Hapo nikavuta kiti nikamkalisha. Chai ina tanini, inakamata madini ya chuma tumboni yasiingie kwenye damu, na kalsiamu ya maziwa nayo inazuia, kwa hivo chai ya maziwa na kidonge cha chuma ni kama kupakia mzigo kwenye mkokoteni usio na gurudumu. Nikamwambia ahamishie usiku kabla ya kulala, ale kitu kidogo kwanza, ameze kwa maji aliyokamulia ndimu manake vitamini C ndo inayosaidia chuma kuingia. Chai aiweke saa moja hadi mbili mbali na kidonge na mbali na chakula cha mchana pia. Akaniuliza kuhusu choo kuwa cheusi, nikamwambia hiyo ni kawaida asiogope. Mwisho nikamuuliza kwa upole kama anakula udongo, akacheka akainamisha kichwa. Wajawazito wengi hapa wanakula, unauzwa Marikiti umepangwa vizuri kabisa, na ile hamu mara nyingi huja kwa sababu damu imepungua halafu udongo wenyewe unazuia chuma, kwa hivo mtu anazunguka pale pale. Syrup sikumuuzia. Nilimwambia arudi kliniki wampime damu, na akisikia moyo unamwenda mbio au anaishiwa pumzi akitembea asingojee tarehe ya kadi.

Hii ndo sababu chai yangu huwa peke yake. Sisi wanawake kila mwezi tunapoteza damu, na kubadilisha saa ya chai hakuna gharama yoyote.

Saa 5 akaja mzee wangu wa siku zote, ana sukari muda mrefu na anatumia metformin. "Mwanangu nipe zile za mishipa, miguu inaniwaka moto usiku." Alikuwa ameshanunua B-complex ya nguvu (vidonge vya vitamini B za aina nyingi pamoja) mahali pengine, na nyingine tena ya jina tofauti, anazimeza zote mbili. Nikasoma lebo, kumbe zote zina B6 nyingi. "Ami, hebu ngoja kwanza." Metformin ikitumiwa miaka mingi yaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikishuka miguu hufa ganzi au huwaka, na sukari isipotulia nayo inafanya vivyo hivyo, na B6 ikizidi kwa muda mrefu pia inaumiza mishipa ya fahamu. Sababu tatu, dalili moja, na ukimeza tu hujui unatibu ipi. Nikamwandikia kwenye karatasi aende kwa daktari wake apimwe B12 na sukari ya miezi mitatu (kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita), hizo mbili za B6 aziweke pembeni mpaka daktari azione, na metformin asiiache hata siku moja bila kuambiwa. Mzee alinuna kidogo, alitaka aondoke na kitu mkononi, hilo naelewa, mtu ameumwa usiku kucha. Nilimuuliza na viatu, nikamwambia kila usiku aangalie nyayo zake chini ya taa kama kuna kidonda, manake mguu wenye ganzi hauambii mtu.

Saa 7 mchana nakula. Wali, mchuzi wa vibua, mchicha, na pera moja kubwa. Vibua wana mafuta ya omega-3 yale yale ya kwenye vidonge na bei yao haifanani kabisa. Dagaa ukiwatafuna na mifupa yao umepata na kalsiamu. Baada ya kula ndo nameza kidonge changu, ni kimoja tu, vitamini D yuniti 1000. Nilipimwa ikaonekana iko chini, manake natoka alfajiri, nashinda ndani, na nikitoka nje nimejifunika buibui, jua la Mombasa lipo lakini ngozi yangu hailioni. Naimeza na chakula kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta. Wanawake wenzangu munaoshinda ndani, mukisikia mifupa na misuli inauma bila sababu, ulizeni daktari hiki kipimo kabla ya kuanza kumeza, na musizidishe, zaidi ya yuniti 4000 kwa siku si ya mtu kujipangia mwenyewe.

Na pera, ngoja niseme. Tyubu za vitamini C za miligramu 1000 zinaenda kama njugu pale kaunta, na mwili wa mtu mzima unahitaji chini ya 100 kwa siku. Pera moja la kuiva vizuri linaweza kukutosheleza siku nzima, na ubuyu ule mweupe (si ule uliotiwa sukari na rangi) nao umejaa. Kinachozidi unakikojoa, na wengine kinawaharisha au kuwaongezea hatari ya mawe ya figo. Mafua yakishakushika kuanza kumeza hakusaidii sana.

Saa 9 wakaingia wasichana wawili, mmoja mwembamba, ana harusi karibuni, anataka vidonge vya kunenepa. Huwa vinauzwa kwenye vifuko bila jina, na ndani yake mara nyingi ni dawa ya aleji inayofungua hamu ya kula ikichanganywa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Sitoi, na nilimweleza kwa nini. Ule unene ni maji na mafuta usoni, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika, na aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya, lazma ashushiwe na daktari polepole. Msichana akaanza kulengwa na machozi, kumbe kuna maneno anaambiwa upande wa kwa mume. Nikamwambia dadangu hakuna ubaya mwilini mwako. Tukakaa tukapanga chakula, uji wa njugu asubuhi, parachichi, mayai, wali na maharage, ale mara nne mara tano kwa siku, halafu apimwe minyoo, damu na tezi ya shingo kama uzito unashuka wenyewe. Sijui kama hakwenda kemisti ya pili. Lakini aliondoka ameandika.

Saa 10 mtoto anaharisha, mamake anataka multivitamini. Nilimpa ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki, miligramu 20 kwa siku 10 mpaka 14 kwa mtoto wa zaidi ya miezi sita, hata kuharisha kukikoma amalize zote, na nikamkumbusha matone ya vitamini A ya kila miezi sita kliniki mpaka afike miaka mitano. Macho yakiingia ndani au akikataa kunywa, hospitali moja kwa moja.

Saa 11 jioni natoka. Asubuhi napanda matatu, jioni natembea mpaka feri, nashuka na barabara ya Nyerere haraka haraka, kama nusu saa, nafika nimetoka jasho. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki, na nusu saa siku tano ndo hizo, bila jimu. Pale feri napita kwenye mihogo ya kukaanga nanunua kidogo nikijisikia, chumvi naomba apunguze. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ndo mwisho, na sisi ukihesabu achari, bhajia na maji ya kisima yenye chumvi, tunapita bila kujua.

Saa 2 usiku tumekula, nimeloweka maharage ya kesho. Simu naiweka sebuleni saa 3 na nusu. Usingizi mimi naupa heshima kuliko kichupa chochote tunachouza, manake vijana wanakesha na muguka, yale majani ya kutafuna, hawali, hawalali, halafu asubuhi wanakuja kuniuliza multivitamini ya kuondoa uchovu. Ntakuuzia, lakini usiku wako uko pale pale.

Kabla sijaizima kuna ujumbe wa mtoto wa yule mzee wa miguu. Daktari amekubali kumpima B12, ni Alhamisi asubuhi, na huyo mtoto anauliza kama babake aende bila kula. Nimemjibu awaulize maabara wenyewe manake sukari ya miezi mitatu haihitaji kufunga lakini huenda wakaongeza vipimo vingine, na abebe vichupa vyote viwili daktari avisome.