Kalsaiti ya Euro 18

Jumanne nilifika Jardin des Plantes, Paris, nikakuta jumba la madini limefungwa. Siku hiyo hawafungui. Kosa langu, sikuulizia. Kwa uchungu wa nauli nikaingia kiduka kimoja cha mawe, nikatoka na bonge la kalsaiti angavu, madini ya kawaida tu, kubwa kama yai, kwa euro 18. Mimi, mtoto wa Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti, kununua kalsaiti! Kwetu inatupwa na kifusi, na akina mama wanaochekecha wala hawainami kuiokota.

Hotelini lifti ilikuwa mbovu na chumba changu kiko ghorofa ya 5 (bei, hata hivyo, ilikuwa ya mtu anayepanda lifti). Nilipofika ya 3 mfuko ukachanika, jiwe likashuka ngazi moja moja, ko, ko, ko, likapasuka.

Nikachuchumaa kuokota hasara yangu. Ndipo nikaona: kila kipande, hata cha ukubwa wa ukucha, kina sura ileile, kama boksi lililokaliwa likalala upande. Nikagonga kimoja kwa ufunguo wa chumba. Kikatoa maboksi madogo zaidi, yamelala vilevile. Dada wa usafi alipanda na ufagio, akanikuta nacheka peke yangu, akashuka tena taratibu.

Nilichekea bahati. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya René Just Haüy, Mfaransa aliyechunguza mawe, padri, mtoto wa mfumaji maskini wa Saint-Just, aliyezaliwa 1743. Wanasimulia kwamba alikuwa kwa rafiki yake, akadondosha kalsaiti ya mwenyewe, akaiona sura hiyo, akakimbia nyumbani kuvunja za kwake kwa makusudi. Mwaka 1784 akachapisha hoja yake: fuwele, yaani jiwe lenye umbo lililojipanga lenyewe, hujengwa kwa vitofali vya sura moja, safu juu ya safu, na safu zikipungua kwa hesabu maalumu ndipo sura ya nje inapobadilika.

Mwenzangu kuvunja jiwe kulimpa jina. Mimi kulinipa kofi. Nilikuwa na miaka 12, nikaangusha tanzanaiti ya Mjomba, ikapasuka bapa kama ubao uliochanwa kwa msumeno. Jiwe hilo lina upande mmoja tu linapochanika kirahisi, na madalali wa Arusha wanaujua kwa machozi. Na ni ndugu wa epidoti, madini ambayo jina lake alilitoa Haüy huyohuyo.

Siku mbili zilizofuata sina la kusema, miguu ilivimba. Niliona makabati ya Shule ya Migodi, Boulevard Saint-Michel, shule ambayo Haüy aliwahi kuitunzia madini. Kilichonikaa kichwani ni habari ya 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa: alifungwa kwa kukataa kiapo walichotakiwa mapadri, mwanafunzi wake Geoffroy Saint-Hilaire akahangaika mpaka akapata amri ya kumtoa. Inasemekana ilifika usiku, naye akaomba alale kwanza, atatoka asubuhi. Siku chache baadaye wafungwa wakachinjwa.

Usiku wa mwisho nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umeniletea nini huko Ulaya?"

"Kalsaiti."

Kimya. "Kiasi gani?"

Nikamtajia nusu ya bei. Bado alikata simu.