Simu kutoka Nzega

Baba mkubwa alifariki saa nane usiku nyumbani kwake Ng'ambo, Tabora. Binti yake alikuwa Mwanza. Baba mdogo akanikabidhi simu: "Mpigie wewe. Mwambie hali ya mzee imebadilika, apande basi la asubuhi. Usiongeze neno."

Kazi hiyo ina taratibu zake. Kwanza hupigiwa shemeji au jirani aliyeko hukohuko. Huyo huambiwa yote, ili asafiri naye kiti kwa kiti. Mtu akipata habari ya msiba peke yake ndani ya basi, akianguka nani atamdaka? Msafiri huambiwa "hali si nzuri", kamwe si "anaendelea vizuri", hilo hatakusamehe. Humwagizi sanda. Humpigii kila nusu saa kumuuliza kafika wapi, atashtuka. Na admin hufunga kundi la familia la WhatsApp asiandike mwingine, maana siku hizi siri huvujia humo.

Mjerumani niliyefanya naye kazi alikuja kutoa pole, akasikia mipango yetu. Akanieleza habari za Kant, mwanafalsafa wa kwao: mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akibisha hodi kumtafuta rafiki uliyemficha, haifai kumdanganya. Mzee wa msikiti, kwenye mkeka, akasema hadithi ya Mtume imeruhusu uongo mahali patatu: vitani, kupatanisha waliogombana, na baina ya mume na mke. Habari ya kifo haimo. Lakini hakunikataza.

Karibu na saa sita, basi likiwa Nzega, simu ikaita. Mtu asiye wa kundini alikuwa amemtumia sms: "Poleni kwa msiba."

"Kaka, niapie baba yuko hai."

Kuficha nilikubali, kuapa, hapana. "Dada, mtandao unakatika, sikusikii," nikakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa, na huo ndio uongo mtupu pekee niliousema siku ile.

Dakika chache baadaye ukaingia ujumbe wake: "Sawa. Mwambieni baba nakuja."

Turubai tulilifunga uani, lisionekane kutoka barabarani. Maziko yakasogezwa hadi baada ya alasiri. Shangazi akampokea mlangoni, akamtua mkoba, akambeba mtoto, akamketisha mkekani ndipo amwambie. Hakuwahi.

"Mmeshamwosha?" akauliza dada.