Siku yangu ya bamvua: kamba za mwani, walakaa na daftari la dukani kwa ami

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana imenikuta macho. Nimesali, nimepasha muhogo wa jana, nimetia chai ya rangi kwenye chupa. Watoto bado wamelala. Mkubwa atamwamsha mdogo wake wakati wa skuli ukifika. Leo ni siku ya tatu tangu mwezi kuandama, bamvua limekaza na maji yatapwa mbali. Mwenye kamba za mwani hapa Tumbe, Pemba, siku kama hii hachelewi.

Kikapuni, chini ya kisu na tai-tai za kufungia mwani, nimetia vitu viwili visivyohusiana na mwani: kalamu niliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, na darubini. Darubini ni moja, sisi tunaohesabu ndege ni watu saba, na jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Tunaishika kwa zamu, na zamu yangu niliipigania iangukie siku za bamvua. Wenzangu walicheka. Mtu anayeinama majini kutwa ataangalia ndege saa ngapi? Wao huchukua siku nzima, wakavaa viatu, wakaenda "kutafuta ndege". Mimi sitafuti. Ndege wa pwani nao wanakwenda kwa saa ya maji kama mimi: maji yakitoka tunaingia kazini, yakirudi tunaondoka.

Saa moja na nusu. Mchanga umeanza kujitokeza na kitwitwi wameshatangulia, wanakimbia, wanasimama, wanadonoa, wanakimbia tena. Hawa ni wageni. Wengine wamezaliwa kaskazini kabisa ya Urusi, mahali ambapo sasa hivi baridi imeshaingia na ardhi imeganda, na mdudu aliye chini ya barafu hachokoleki. Wakubwa walianza kutufikia tangu Agosti. Watoto wao walifuata baadaye, peke yao, njia ambayo hawajawahi kupita. Hilo hunishangaza kila mwaka. Wa kwangu namtuma duka la tatu anarudi hana chenji wala sukari.

Huku kwetu ni vuli na tangambili. Upepo haujaamua uvume kutoka wapi, na wingu moja jeusi limekaa upande wa bara likinitazama.

Saa tatu hadi saa tano na nusu. Hapa ndipo siku yenyewe ilipo. Maji yako chini ya magoti, mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, yamesimama safu kwa safu, na mimi na wifi yangu tunakata ulioiva na kufunga mbegu mpya. Mwani nao ni mgeni. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kikaanza Unguja, pwani ya mashariki, mwaka 1989. Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei nzuri zaidi, lakini maji yakipata moto unaota weupe na kukatika vipande, kwa hiyo sisi wengi tumebaki na spinosamu. Bei yake sitaisema, nisije nikaharibu siku.

Nilikuwa nimeshika kamba ya nne niliposikia sauti kali, kama watu wanaogombana kwa mbali. Nikainua kichwa. Walakaa.

Ukimwona mara moja humsahau. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivujivu, na mdomo mnene mweusi ambao haumfai ndege wa umbo lile, utadhani kaazima. Anatembea taratibu, anasimama, kisha anamrukia kaa, anamtikisa mpaka miguu inatoka. Huzaa kwenye visiwa vya mchanga vya pande za Arabuni, kwenye shimo analolichimba mwenyewe. Hutaga yai moja tu, jeupe, na joto la ardhi humsaidia kuliatamia. Kisha huja kwetu na mtoto wake. Mtoto mwenyewe ni mkubwa kama mama, anaruka vizuri, ana mdomo uleule, lakini anamfuata nyumanyuma akilia alishwe kaa, na mama anampa. Mpaka huku, baada ya safari yote ile!

"Unahesabu ndege au unafunga mwani?" wifi akauliza.

"Vyote viwili."

"Basi kamba yako imelegea."

Ilikuwa imelegea kweli. Nikaikaza, nikahesabu tena. Kumi na tisa. Pembeni sululu watatu, midomo imepinda kama mundu, wakichokoa mashimo ya kaa na kuwaachia walakaa nafasi yao.

Saa sita na nusu. Maji yanarudi. Tumevuta magunia hadi ufukweni, tumetandaza mwani juu ya makuti, na lile wingu likashusha manyunyu mara tulipomaliza. Tukakusanya. Likaacha. Tukatandaza tena. Kwa saa hizi mbili sina la kusimulia.

Saa nane na nusu. Dukani kwa ami, barazani, ndipo daftari letu linapokaa, kati ya kitabu cha madeni na mizani. Ni daftari la kawaida la skuli. Kila aliyeona kitu huandika mahali, saa, maji yalikuwaje, wangapi, na nani mwingine kaona. Asiyekuwa na hakika huandika "sijui" na hachekwi. Sheria hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, maana nilishawahi kuivunja. Mwaka jana niliandika walakaa arobaini mchana wa jua kali. Walikuwa yangeyange. Mwalimu mstaafu alikipigia mstari mwekundu kiingilio changu, na mstari huo upo hadi leo, kila mtu anaufungua ukurasa ule kwa makusudi.

Nilimkuta na kijana wa bodaboda wanabishana. Kijana kaandika: kozi wawili, juu ya uwanja wa mpira, wanakamata kereng'ende hewani.

"Miguu?" mwalimu akauliza.

"Myekundu, mwalimu. Mmoja alitua juu ya nguzo."

"Uliiona, au umeambiwa kuwa inatakiwa iwe myekundu?"

"Wallahi niliiona."

Mwalimu akaridhika. Kozi wa Amur, akasema, jina la mto unaopita kati ya Urusi na China. Mwezi huu na ujao wanavuka bahari kutoka India kuja Afrika, na kereng'ende nao wanavuka bahari hiyohiyo, kwa hiyo huenda wanasafiri na chakula chao. Ami, ambaye hana habari na ndege ila ana habari na kila kinachosemwa barazani kwake, akauliza kama hao kereng'ende wanalipa nauli.

Nikaandika langu. Walakaa 19, watoto 4, maji makavu, saa nne.

Mwalimu akasoma. "Nani mwingine kaona?"

"Wifi yangu."

"Wifi yako anamjua mlakaa?"

"Anamjua kama yule anayenifanya nilegeze kamba."

Akacheka, lakini kalamu nyekundu alikuwa nayo. Nikamwambia, mwalimu, maji yanajaa saa kumi na nusu, twende tukahesabu wote. Maji yakijaa ndege hawana pa kwenda, hubanana kwenye ncha ya mchanga nje ya mikoko wakisubiri. Hapo hata mwenye jicho bovu anahesabu.

Saa kumi na nusu. Tumekwenda watatu kwa ngarawa ya shemeji. Hatukusogea karibu, tukiwarusha watapoteza nguvu zao bure. Njiani keremkerem wa kijani, mashavu ya buluu, walikuwa wakiruka kutoka kwenye tawi la mkoko na kurudi palepale na nyuki mdomoni. Na kule kwenye ncha walikuwepo, wamejipanga mguu mmoja juu, wote wameelekea upepo.

Mwalimu akapata 23. Kijana akapata 20. Mimi, kwa darubini yenye ukungu, 22. Tukarudia, kila mtu akapata namba nyingine, na kitwitwi waliokuwa miguuni mwao hatukuthubutu hata kuwaanza. Daftarini pameandikwa: "walakaa kati ya 20 na 23". Hapakupigwa mstari.

Saa mbili usiku. Kwa kaka yangu, njia ya Konde. Karafuu zimechumwa leo na mvua haiaminiki, kwa hiyo nyumba nzima imekaa mkekani inachambua, karafuu huku, makonyo kule. Vidole vimebadilika rangi. Nyuma ya nyumba, kwenye mikarafuu mikongwe, kihodi akaanza: hu. Kimya. Hu. Anaita mara moja moja, kama mtu mlangoni asiyetaka kusumbua.

Mama akanyanyua uso. Kwake bundi ni bundi. "Mfukuzeni huyo."

"Huyo wa kwetu, mama. Duniani kote yuko Pemba tu."

Ndivyo ilivyo. Wako wanne wa namna hiyo: kihodi, ninga, chozi na kinengenenge wa Pemba. Mkondo kati yetu na bara ni wa kina kikubwa mno, bahari ilipokuwa chini zama za barafu Unguja iliungana na bara, sisi tukabaki kisiwa. Shemeji zangu wa Unguja hawapendi nikilisema hili, kwa sababu wao hawana hata ndege mmoja wa peke yao.

"Na huyo naye mnamwandika?" mama akauliza.

"Tunamwandika."

"Basi andika na mimi nimemsikia."

Saa nne na robo. Nimerudi, watoto wamelala. Kesho maji yatapwa kama robo tatu ya saa baadaye kuliko leo, kwa hiyo naweza kulala kidogo zaidi. Darubini kuanzia kesho ni zamu ya mwalimu. Nimeiacha kikapuni, chini ya tai-tai. Akiitaka ataifuata.