Namna ninavyonunua chai ya Fenghuang bila kumpunja mkulima

Chai ya Fenghuang, ambayo Wachina huiita dancong, hulimwa katika milima iliyo kaskazini mwa Chaozhou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong, na kwa kuwa ninaishi Guangzhou huifikia kwa treni ya mwendokasi na kisha kwa gari la kupanda mlima. Nilipoanza kuwauzia chai hiyo wateja wachache wa hapa na wa Dar es Salaam, nilijiwekea sharti kwamba bei ninayolipa imtoshe mkulima na imtoshe pia mchumaji aliyeajiriwa na mkulima huyo. Kulitamka sharti hilo ni rahisi. Kazi ni kujua kama limetimia.

Nilianza na hesabu ya majani mabichi, kwa sababu nimekulia Rungwe, ambako mkulima wa chai huulizia bei ya kilo ya majani kabla ya kuulizia jambo lingine. Jani hupoteza maji mengi linapokaushwa, hivyo zinahitajika takriban jin nne hadi tano za majani mabichi, jin moja ikiwa ni nusu kilo, ili kupata jin moja ya chai kavu. Tuseme majani ya shamba fulani yanauzwa yuan 60 kwa jin. Chai yake kavu imekwisha kugharimu yuan 240 hadi 300 kabla hujahesabu ujira wa mtengenezaji, ambaye hukesha akiyatikisa majani kwa vipindi na kuyapumzisha, wala hujahesabu mkaa wa kuibanika, kazi inayorudiwa mara mbili au tatu huku chai ikipumzishwa kwa majuma kadhaa katikati. Kwa hiyo mchuuzi mmoja wa Guangzhou aliponiletea chai aliyodai ni ya Wudong, sehemu ya juu mlimani yenye sifa kuliko zote, kwa bei iliyo chini ya gharama ya majani mabichi peke yake, sikuona haja ya kuionja. Ama haikutoka Wudong, ama kuna mtu katika mnyororo ule ambaye hakulipwa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haimwonyeshi mchumaji. Katika mavuno makubwa ya Machi na Aprili familia nyingi huajiri vibarua, wengi wao wanawake, na wanaolipwa kwa uzito hukosa kipato siku za mvua, kwa sababu chai hii huchumwa kukiwa na jua ili majani yaanikwe jioni ile ile. Niliwauliza wenyewe wakati wa chakula cha mchana: wanalipwaje, lini, na mvua ikinyesha nani anawalisha. Wengi wao huzungumza Kichaozhou, ambacho sikijui, na binti wa mwenye shamba alijitolea kunitafsiria kwa ukarimu mkubwa. Lakini nani atamlalamikia tajiri wake kupitia kinywa cha mtoto wa tajiri huyo? Tangu hapo nimekuwa nikienda na mwanafunzi wa Shantou, mji jirani wenye lugha hiyo hiyo, asiye na ndugu mlimani.

Majibu yao ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyolipa. Vibarua wanataka fedha jioni, ilhali wanunuzi wengi hulipa chai ikishabanikwa, miezi kadhaa baadaye, na katikati ya pengo hilo mkulima hukopa au humwachia dalali majani kwa bei ya kutupa. Sasa mimi hutoa sehemu ya malipo kabla ya mavuno, na tunaandikiana kwamba sehemu fulani ya fedha hizo ni ya wachumaji.

Chai ya miti mikongwe siiagizi. Miti hiyo kwa kawaida huchumwa mara moja tu kwa mwaka, mazao yake ni machache, na kila mteja anayeing'ang'ania huwashawishi watu kuichuma kupita kiasi au kudanganya. Badala yake nanunua pia xuepian, chai ya majira ya baridi, ambayo ni nyepesi mdomoni lakini ina harufu nzuri sana, na ambayo huipatia familia fedha katika miezi mikavu ya biashara.

Cheti cha kilimo hai sikidai kwa wakulima wadogo. Nchini China cheti hicho hudumu mwaka mmoja, na shamba la chai hupitia miezi 36 ya mpito kuingia katika kilimo hicho kabla ya kukipata, gharama ambazo mwenye matuta machache hawezi kuzibeba. Natazama magugu kati ya mistari, nauliza jirani wa upande wa juu ananyunyizia nini, kisha nalipia mimi mwenyewe kipimo cha mabaki ya viuatilifu kwa sampuli niliyoichota kwa mkono wangu kutoka katika shehena yenyewe. Tumekubaliana kwamba kipimo kikivuka kiwango chai hainunuliwi, ila fedha za awali hazirudishwi. Zinahesabiwa katika mavuno yanayofuata.

Kwenye pakiti naandika kijiji, mwezi wa kuchumwa na bei aliyolipwa mkulima. Familia moja ilinikatalia bei hiyo isiandikwe, kwa kuhofia kwamba wanunuzi wao wengine wangeisoma na kuanza kubishana nao, na pakiti zao hutoka bila tarakimu hiyo.