Kasha la akriliki la meli ya babu

Meli ya babu ina urefu wa sentimita 62. Aliichonga kwa mbao za maboksi ya mizigo, akatia reli za waya wa shaba na kamba za uzi wa kushonea nyavu, kisha ubavuni akaandika kwa mkono MV VICTORIA. Babu alikuwa seremala, hakuwa baharia. Ila meli yenyewe ilipoanza kazi ziwani mwaka 1961 alipanda daraja la tatu kwenda Bukoba, na toka hapo ukimsifia safari ya basi alikuwa anakutazama tu. Ile ya kweli ilikarabatiwa, na tangu 2020 inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Ya babu imebaki na jina la zamani, na rangi ya dohani imeanza kubanduka.

Inakaa sebuleni kwa mama, Isamilo, juu ya kabati. Anayeishi Mwanza analijua vumbi la kiangazi, na anawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kutoka majini, wanafuata taa, asubuhi unawazoa kwa fagio. Mezani unafuta yanaisha. Kwenye meli yenye kamba za uzi, kila ukifuta kuna kitu kinakatika. Ndiyo maana nikaamua kuitengenezea kasha la akriliki, ile plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo.

Mama mkubwa alitaka la kioo. Hoja yake si mbaya: kioo hakichubuki ovyo, na hakivuti vumbi kama akriliki inavyovuta. Lakini kwa ukubwa nilioutaka, kifuniko cha kioo cha mili tano kingefika kilo tisa, cha akriliki hakifiki hata kilo tano. Kitu cha kilo tisa chenye kona kali, kinachoinuliwa na mama wa miaka sabini juu ya meli ya mbao? Hapana. Na akriliki ikianguka haimwagi vigae vya kukata miguu ya wajukuu. Mjadala ukaishia hapo.

Mafundi wa akriliki kwetu ni wale wale wa vibao na mabango. Nilikwenda kwa kijana mmoja katikati ya mji, mwenye mashine ya leza, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, mili tatu inatosha kabisa, hata vibao vya ofisini tunatumia hiyo." Kwa kibao sawa, maana kibao kimeegemea ukuta. Ubao wa sentimita 70 unaosimama wenyewe, ukiwa wa mili tatu, unapinda katikati, na ukingo wake ni mwembamba mno kwa gundi kushika vizuri. Nikasema mili tano. Mili kumi ni ya watu wanaotaka wageni waulize bei.

Lakini kuliko unene, kilichonishughulisha ni aina. Akriliki ziko mbili: inayomiminwa kwenye kalibu ikagandia humo, na inayosukumwa na mashine ikatoka ubao mmoja mrefu. Ya pili ni rahisi na unene wake ni sawa pande zote. Ya kwanza unene unacheza kidogo, ila inakatika vizuri, inakubali gundi, na haipasuki haraka vile vinyufa vidogo vidogo vinavyotokea pembeni baada ya miezi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Muuzaji atakwambia zote "orijino". Nilimwomba kijana aandike herufi moja kwa leza kwenye kipande cha kila ubao aliokuwa nao. Kwenye ya kumimina, maandishi yanatoka meupe, yenye ukungu. Kwenye ile nyingine yanabaki karibu na rangi ya ubao wenyewe, mpaka uinamishe kwenye mwanga ndiyo uyaone. Akacheka, akasema yeye huwa anaitumia tofauti hiyo kwa vikombe vya tuzo, hakuwahi kufikiria mteja ataiulizia. Tukachukua ile yenye ukungu.

Vipimo niliandika mwenyewe kwenye karatasi, na juu yake kwa herufi kubwa: VIPIMO VYA NDANI. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayeagiza. Ukisema "sentimita 70" bila kufafanua, fundi anakata 70 za nje, unene unaliwa kwa ndani, na wewe unabaki na kasha linalogusa mlingoti. Meli ni 62 kwa 14 kwa 27. Nikaacha sentimita nne kila upande na tano juu: 70 kwa 22 kwa 32. Kitu kikibanwa kinaonekana kimefungwa jela. Ukiacha nafasi kubwa mno kinapotea. Pima sehemu inayojitokeza zaidi. Kwenye meli yetu ni bendera ya nyuma, wala si mwili.

Kuunganisha ndiko nilikokaa dukani mpaka jioni. Gundi yenyewe ni nyepesi kama maji, haigandishi kwa kujaza, inayeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Kijana anashika mbao mbili kwenye pembe ya mraba, anapitisha bomba la sindano polepole kwenye mshono, na unaiona gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa, sehemu iliyolowa inageuka angavu. Palipobaki pa kijivu, haijafika. Mapovu mawili yalibaki kona ya nyuma, nikayaacha, yataangalia ukuta. Nilichokataa ni pale alipochukua kitambaa chenye spiriti kufuta alama za vidole. Ukingo uliokatwa kwa leza una mkazo ndani yake kutokana na joto. Ukiupaka spiriti unaweza kuchanika hapo hapo vinyufa, na vinyufa hivyo havitoki. Alitumia maji na sabuni. Kisha kasha lilikaa wazi wiki nzima kabla meli haijaingia, harufu ya gundi iishe, maana ukifunga mapema mvuke unabaki na rangi ya babu na shaba ya babu.

Kitako ni cha mninga, hakina ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ubao ule unatoa mvuke wake miaka mingi, na ndani ya kasha mvuke hauna pa kwenda. Seremala alichimba mfereji kuzunguka kitako, kifuniko kinakaa humo kwa uzito wake, bila gundi wala skrubu. Nilimwambia aupanue mfereji kwa mili mbili zaidi ya unene wa ubao. Hakupenda, alitaka ubane "kazi ionekane". Lakini akriliki inatanuka na joto kuliko mbao: ubao wa akriliki wa sentimita 70 ukipata nyuzi 15 za ziada unaongezeka karibu mili moja. Ukibanwa, utajipinda.

Kuhusu jua sina maneno mengi. Ipo akriliki maalumu inayozuia mionzi inayofifisha rangi. Kijana angeiagiza Dar, na bei ilinichekesha. Hata hiyo haizuii mwanga wa kawaida, nao unafifisha pia, polepole tu. Nikahamisha kabati kutoka dirisha la magharibi. Bure. Taa nayo iko nje ya kasha, kwa sababu ikiwa ndani inapasha moto.

Usafishaji nimeuandika kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya kabati, kwa ajili ya dada wa kazi: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba kilicholowa. Asifute kikavu, maana kikavu kinachubua na kinatia umeme unaovuta vumbi lote la Isamilo. Ile dawa ya kusafishia vioo yenye amonia asiiguse kabisa.

Mama mkubwa aliona kasha Jumapili. Aliinua kifuniko bila kuomba ruhusa, akagusa dohani kwa kidole, akakirudisha. Kwa hiyo nimefurahi sikukigundisha kwenye kitako. Kisha akasema anataka la kwake, la kibuyu cha maziwa cha mama yao chenye shanga. Vipimo akanitumia usiku huo huo kwenye simu: shubiri mbili kwa shubiri moja na kidole. Nimemwambia anunue futi.